Maji ya Mbaazi

Nimenunua mizani ya jikoni pale sokoni Newala,
sahani ya kioo, namba nyekundu,
nikaiweka mbele ya Bibi Nankonda
nikamwambia: leo tunapima.
Akacheka kwa pua.

Chota korosho, nikasema, kiasi chako cha siku zote.
Akachota. Gramu mia na kumi na nne.
Akamwaga, akachota tena. Mia na kumi na nne.
Mara ya tatu, mia na kumi na tatu.
"Moja hapo ina kidudu," akasema. "Nyepesi."
Na macho yake hayaoni tangu mwaka wa juzi.

Naandika. Daftari la mistari, kalamu sikioni.
Kisamvu: majani ya kileleni tu, jani la tatu mwisho.
Kitwangwe. — Dakika ngapi, Bibi?
"Mpaka mchi ubadilishe sauti."
Nimeandika hivyo hivyo, mpaka mchi ubadilishe sauti.
Kichemshwe. — Muda gani?
"Kivuli cha mkorosho kikitoka banda la kuku
kikafika kizingitini, epua."
— Na siku ya mvua?
"Siku ya mvua nani anapika kisamvu?
Siku ya mvua tunakinga maji."

(Ukurasa wa ming'oko una sentensi moja:
*Uliza msitu, kama bado upo.*)

Nikaenda kwangu.
Jiko la gesi, moto wa buluu usiokohoa.
Mashine ya kusagia ikanguruma
kama bodaboda isiyokwenda popote,
korosho zikawa maziwa kwa pumzi mbili,
kazi iliyomla Bibi asubuhi nzima
magoti chini, jiwe juu ya jiwe.
Tui la pakiti; mbuzi yetu ya nazi
watoto wanaipanda kama farasi.
Simu ikanihesabia kivuli: saa moja na robo.
Nikafunga hotpoti, nikampelekea.

Akaonja kwa ncha ya kidole. Kimya.

Nisidanganye, nilitaka aseme umeniua.
Au basi aseme zamani ni zamani,
chungu ni chungu, moshi una utamu wake,
nami niandike hayo ukurasa wa mwisho, nilie kidogo.

"Moshi?" akasema. "Moshi ndio ulionila macho.
Gesi ingekuja nikiwa mwali
ningeiozesha kaka yangu, isitoke nyumbani.
Na mashine yako nzuri, korosho imelainika kunishinda.
Ila kisamvu hiki kimeoga mno.
Maji umetoa wapi?"

Bombani.

"Na yaliyochemsha mbaazi?"

Nilimwaga.

Akageuza uso kule genge linakoanzia.
"Jogoo la kwanza, mimi na Somoe,
tunashuka kwa giza, tunashikana kanga,
tunapanda jua likitugonga utosini,
mtungi mmoja, siku nzima, watu saba.
Maji hayo yanaosha mbaazi.
Hayo hayo yanachemsha mbaazi,
yanageuka rangi ya udongo wetu, yanakuwa mazito.
Hayo hayo yanapika kisamvu.
Ya chini kabisa anakunywa mtoto.
Hatukuita kiungo, mjukuu wangu.
Tuliita maji.
Somoe aliteleza mwaka ule wa njaa, mtungi ukapasuka.
Alipigwa kwa ajili ya mtungi. Andika na hilo."

Sijaliandika. Kalamu imerudi sikioni.

Jana nimepika tena. Mbaazi kwanza,
nikayachuja maji yake kwenye jagi,
meusi-mekundu, yakitoa mvuke mezani,
nikageuka kutafuta chumvi.

Mwanangu Mshamu akachungulia.
"Mama, haya machafu, nimwage?"

Nyuma yake, uani, bomba lilikuwa linatiririka.
Ametoka kunawa. Hakulifunga.