Kalunguyeye wa Triinu

Miiba ni ya brashi ya viatu.
Jicho ni kihisi cha mwanga, kidogo kama punje ya mtama.
Tumboni betri tatu, na mota ya toi lililovunjika.
Triinu akamwandikia amri: giza likiingia, lala.

Aliisahau Desemba ya Viljandi.
Saa tisa na nusu alasiri jua limekwishaaga,
na kalunguyeye amejikunja mezani,
saa saba kabla Aivar hajarudi kutoka kiwandani.

Akang'oa jicho, akapachika sikio:
ufunguo ukilia mlangoni, amka,
piga hatua nne, washa pua nyekundu.
Alimjaribu kwa kijiko na sufuria: akaamka.
Kwa chafya ya bibi: akaamka, akaanguka sakafuni,
mguu ukarudishwa kwa gundi ya moto.

Lakini Aivar ni mtu wa kunyata.
Miaka sita ya zamu ya usiku imemfunza
kuzungusha ufunguo kama anayemvua mtoto soksi.
Akala supu baridi, amesimama.
Kalunguyeye hakusikia kitu.

Asubuhi, kando ya bodi, kikaratasi chenye alama ya grisi:
"Mnyama wako alilala fofofo. Sikutaka kumwamsha."

Triinu alifikiri hadi uji ukaganda.
Hakugusa waya hata mmoja.
Alishusha namba tu, mia tatu hadi kumi na mbili,
kiasi cha kusikia soksi juu ya mbao.

Usiku ule kalunguyeye aliamka mara kumi na tisa:
friji, upepo, theluji ikiporomoka paani.
Mara ya ishirini, pua nyekundu ilimkuta mtu
amechuchumaa gizani, kofia mkononi,
amezuia pumzi.