Mwiko

Tabibu kaniambia
sukari kuikimbia,
nami ndiyo napikia
halwa yangu ya Langoni.

Ujana nilimumunya,
vipande nikavifinya,
hata ladha ikapenya
isikae ulimini.

Kila utamu ukisha
kinywa kilinikumbusha
kingine cha kujilisha;
kumbe njaa iko ndani.

Katoka Shela Shekuwe
kwa harusi ya mwanawe,
asema, "Lazima iwe
yako, si ya kiwandani."

Nikaukoroga wanga,
moto nao nikichunga,
mgongo ukanipinga,
mwiko usitoke chini.

Saa tatu zikapita,
jasho hata silifuta;
iliki ikanivuta,
sikutia mdomoni.

Nikakumbuka babangu
na lile kovu la chungu;
nikaliona ni langu,
limekaa kiganjani.

Mjukuu wangu Lali
akaja na swali kali:
"Wapika, nawe huili,
sasa wafaidi nini?"

Sikupata la kujibu.
Nikamwita kwa karibu,
nikampa, ajaribu,
mwiko wangu mkononi.

Aliwaza kuulamba,
mara wanga ukavimba;
akakaza kama kamba
hadi jua utosini.