Tezi na Omo

Machi, na ghuba bado imefunga barafu.
Penetanguishene, uani kwa Marchildon muuza boti,
vyombo vyote vimefungwa plastiki nyeupe
kama viporo.
Réjean anazunguka, mikono mfukoni,
mimi nyuma yake na mkoba wa duka letu la mikate:
miaka thelathini na mmoja ya kuamka saa tisa usiku
imekuwa karatasi moja ya benki.

Ya kwanza ni ndogo. Mita sita, nyekundu,
omo yake wazi, ina viti viwili vya kunyooshea miguu
mbele kabisa, pale ambapo maji hukupiga usoni
kabla hujamaliza sentensi.
Pikapu yetu itaivuta bila kukohoa.
Asubuhi majini, jioni gereji,
ubavuni mwa mashine ya theluji.
Nikapanda na koti langu zito, na buti,
nikakaa omoni, juu ya trela, juu ya changarawe,
nikawaona wajukuu wa Sudbury
wakichovya vidole, wakipiga kelele za bure.
Nikasema: Hii.

Akasema: Twende tuione ile.

Ile ni nyumba iliyokosa kiwanja.
Mita kumi, injini mbili, kila moja na kiu yake.
Jiko la mafiga mawili, jokofu la kimo cha mtoto,
kitanda kilichochongwa pembe tatu
(alilala nani hapa, papa?).
Kuna gati la kulipia, winchi ya kuitoa majini Oktoba,
bima, rangi ya tumboni, betri nne.
Nilihesabu kwa vidole, vikaisha,
nikaazima vya Marchildon.

Réjean akaanza kunena visiwa.
Elfu thelathini, Huguette, na tumeviona vingapi?
Tutalala Killarney. Tutaamka na ndege wa majini.
Mwanamume huyu
asiyelala nje ya kitanda chake bila kuusengenya mto,
leo ana upeo wa macho mdomoni
kama aliyeajiriwa nao.
Nikasema: Una homa?
Akashuka ngazi, akapotelea ndani.

Tukabaki juu, mimi na Marchildon, pumzi zetu moshi.
Chini kukasikika kijimlango:
kikafungwa. Kikafunguliwa.
Kikafungwa, komeo likaanguka.
Kimya.

Ndipo nikakumbuka. Njiani asubuhi ile,
mwendo wa nusu saa,
tulisimama kituo cha mafuta mara mbili,
na tangi lilikuwa limejaa.
Nikakumbuka Agosti, katika boti ya Onésime, wazi mchana kutwa,
watu wanane, yeye hakugusa hata bia,
midomo mikavu, akiihesabu misonobari ya ufukweni
moja moja, kama anayeiomba msamaha.
Na usiku: hatua zake ukumbini,
saa saba, saa nane, saa kumi kasoro;
na ile barua ya daktari ndani ya katalogi ya mbegu,
alikodhani sitafungua kabla ya Mei.

Kumbe mimi nasema omo,
na yeye tangu vuli anasema tezi,
nami nikadhani tunabishania boti.
Enda tezi, enda omo: waliosema hivyo
walijua marejeo ni wapi,
ila hawakusema huko chini
mtu husimama kainamisha kichwa, dari fupi,
mkono juu ya komeo jipya la shaba.

Nilimkuta hivyo.
Kimebana kidogo, akasema, bila kunitazama.
Sikukitazama choo. Niliinama kwenye jiko,
nikafungua, nikafunga, nikapiga bati kwa kucha.
Linaoka hili? nikauliza kwa sauti ya dukani.
Maana bila oveni mimi siendi Killarney.

Réjean akavuta pumzi iliyokuwa imemkaa tangu vuli.

Na huko mbele, nikamwuliza Marchildon tukitoka,
kuna pa kukaa?
Akakuna shingo. Papo, mama,
ukishikilia chuma.

Nitashikilia, nikasema.