Kionjo

Shaame, mwana wa Bi Riziki wa Limbani,
nakuandikia mimi, Mkubwa Faki,
niliyekuazima jenereta siku tatu
na mafuta nikatia mwenyewe.
Sikudai. Yaliyochomeka yamechomeka.
Nataka tuseme juu ya kile kionjo.

Ulitutumia Rajabu, kwenye simu.
Dakika tatu na sekunde arubaini, nimehesabu.
Tukamwona bwana harusi anaapa,
tukamwona nduguye anaficha hati ya shamba la mikarafuu,
tukaona nyumba inaungua
na nani analia mbele yake,
na kana kwamba hayo hayatoshi,
hati ile ile mkononi mwa kadhi.
Kisha maandishi mekundu: HIVI KARIBUNI.

Kilichobaki nini, Shaame?
Majina ya walioshika taa?

Mama yangu akipika mchuzi wa futari
hutia tone moja kiganjani,
huligusa kwa ncha ya ulimi, hutema,
husema, "Chumvi bado."
Hicho ndicho kionjo.
Hajapakua, hajatafuna mnofu.
Tena huonja saa kumi na moja jioni,
chungu kinatokota, adhana i karibu.
Haonji Shaabani.

Wewe Rajabu. Tukafunga mwezi, tukafungua.
Sikukuu watoto wakaiulizia sinema yako;
tukawaambia, hivi karibuni.
Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili,
karafuu zikachumwa, zikaanikwa, zikauzwa,
vijana wa barazani wakayajua maneno yote,
wakawa wanayasema kabla ya wachezaji,
na mwanangu akaniita:
"Baba, pale nyumba inapoungua
kuna mtu pembeni na ndoo ya maji, anasubiri."
Kweli yupo. Tena ni mimi.

Nikakuandikia barua kali.
Sekunde thelathini zinatosha, nilisema,
na wiki moja kabla, siku nane zikizidi sana.
Uso mmoja. Mlango unagongwa. Kata,
tuache na kiu yetu.
Mchezo wa ng'ombe hupigiwa ngoma siku ya mchezo;
nani amepiga ngoma mwaka mzima
na ng'ombe bado yuko malishoni?

Barua ikiwa mfukoni, akafa Bi Mize.

Unamkumbuka? Muuza vitumbua wa Utaani.
Ulimwambia apite tu, sinia kichwani,
nyuma ya bibi harusi.
Katika kionjo ni sekunde mbili,
mwanzo wa dakika ya tatu,
pale ambapo mwenye akili angekwisha kukata.
Simu hakuwa nayo. Alikuja kwetu kila baada ya alasiri,
akivua makubazi, akikaa mkekani:
"Nitilieni ule mwendo wangu."
Akijiona anapita, hucheka,
mdomo kauziba kwa upindo wa kanga.
"Tena."
Maandishi mekundu tulimsomea sisi.
Alijibu, "Inshallah."

Alifariki Mfunguo Nne, Ijumaa.
Sinema ikatoka Mfunguo Tano.
Ukumbi wa skuli ulijaa pomoni,
mimi kwenye dawati la watoto, magoti kidevuni,
nikamngojea bibi harusi atoke,
nikatazama nyuma yake.
Njia tupu, na kuku.

Najua, ulitaka iishe kwa saa moja u nusu,
na kisu hakijui jina la mtu.

Basi barua nimeichana nusu.
Kionjo chako cha pili kiwe kifupi, na kiwe karibu;
hilo silirudishi nyuma.
Lakini hiki cha Rajabu, kirefu, cha kuudhi,
kilichotumalizia hadithi kabla ya wakati,
usikifute.
Jana mwanangu alikitia kwa mazoea,
dakika ya tatu ikafika, tukanyamaza sote,
akapita na sinia lake.
"Tena," akasema mama.

Ukianza nyengine, jenereta ipo.
Mafuta, safari hii, utie wewe.