Wati Mia Tano

Kompyuta ilizimika Jumanne usiku
katikati ya jina la Anzori wa ghorofa ya tatu.
Tak! Kisha harufu,
kama kitana cha plastiki kilichosahauliwa juu ya pasi.

Kulipokucha, ngazi zote za jengo zilikuwa na habari.
Kutaisi nzima husinzia Februari; jengo letu halisinzii.
"Eti imekufa?" akauliza Anzori,
midomo ameikunja tabasamu lisimtoroke.
Miezi kumi na minne hajalipia lifti.
Akanipa pole kama mfiwa,
na chupa ya matango ya siki.
Nikamwambia, dawa ya deni haijawahi kuwa
kuungua kwa daftari.

Mume wangu Gocha akasema: nunua mpya.
Nikasema: linalouma ni tumbo, mbona tuzike mwili?

Maana ndivyo lilivyo lile sanduku la bati.
Hupokea umeme mbichi wa ukutani,
volti mia mbili ishirini,
na siku jengo likipandwa na hasira, mia mbili sitini,
likautafuna,
likautoa kwa vijiko: kumi na mbili, tano, tatu na ushee.
Miaka kumi na saba likilisha.
Limekufa na kijiko mkononi.

Sokoni, Zviadi aliweka mawili mezani.
"Usisome maandishi, Mzevinar. Pima kwa mkono.
Jepesi huongopa."
Nikachukua zito. Lari arobaini na tano,
hakupunguza hata tetri.
"Na lile la zamani usilifungue.
Hata ukichomoa plagi,
mle ndani mna vikopo vinavyong'ang'ania umeme
kama mdaiwa na pesa za watu."
Nikacheka. Wa aina hiyo ninao,
ghorofa kwa ghorofa.

Nyumbani nikagusa kwanza bomba la joto,
niziache pale cheche za sweta langu la sufu.
Skrubu nne, nikazilaza kwenye kifuniko cha matango.
Vumbi likatoka kwa mapande,
rangi ya paka aliyetupotea mwaka juzi.
Plagi ya pini ishirini na nne ikagoma.
Nikaibembeleza, nikaitukana kwa maneno ya mama mkwe,
ikaachia ghafla na kunichuna kidole.
Kuna ile ndogo ya pini nne, imejificha nyuma ya feni;
wengi huisahau.
Mimi sikuisahau.

Nikabonyeza.
Kimya.
Gocha hakusema neno,
nami naujua uzito wa neno asilolisema.
Nikachomoa zote, nikachomeka zote.
Kimya kilekile.
Nje ya mlango, viatu vya mtu vilikuwa vimesimama.

Ni Gocha aliyeinama nyuma ya kasha na tochi.
Swichi ndogo: huku mstari, huku duara.
Ilikuwa kwenye duara.

Tak.

Feni ikaguna, ikazunguka. Mlio mmoja mfupi.
Kioo kikawaka maandishi meupe:
mashine haikujua leo ni lini.
Betri ya saa nayo imekwisha, kazi ya kesho hiyo.
Ilikuwa na hakika kabisa ni Januari mosi,
elfu mbili na tisa,
tulipokuwa bado tunapanda kwa miguu
na Anzori hadaiwi na mtu.

Nikaiacha iamini hivyo, dakika moja hivi.
Viatu vikaanza kushuka ngazi.
Nikaandika tarehe.