Sekunde Kumi na Tisa

Walikuja Jumanne, vijana wawili wa kaunti,
wakalaza mpira mweusi kukata barabara
pale Manyatta, mkabala na kinyozi.
Kila gurudumu lililoukanyaga likahesabiwa,
juma zima, usiku na mchana.

Jibu likaja: wengi hapa hukimbia sitini na mbili.
Basi kibao kiandikwe sitini,
sheria isigombane na mguu wa dereva.

Mchoraji ni mimi. Nilishapewa rangi.
Brashi mkononi, nikamwona Adikinyi akivuka
na beseni la makaa, goti la kushoto halikunjiki.
Nikahesabu kimoyomoyo: kumi na tisa,
ukingo hadi ukingo.
Na ule mpira, wiki ile yote,
alikuwa akichunga asiukanyage,
asije akaharibu mali ya serikali.

Nilimwambia Injinia Khavere. Hakunijibu.
Alimpokea mama beseni, akajitwika,
akavuka mwenyewe, polepole, honi zikimtukana.
Alipofika ng'ambo alikuwa na vumbi jeusi shingoni.
"Thelathini," akasema. "Na tuta."

Nikachora tatu, nikachora sifuri,
sifuri nono kama sufuria ya harusi.
Tuta bado ni lundo la kokoto kando ya mtaro,
watoto wanalipanda.
Adikinyi hutazama kulia, kushoto, kulia tena,
kisha hunitazama mimi:
"Kibao chako kizuri, fundi.
Ila hakina breki."