Hati ya Mwaka Hamsini na Moja

Miaka thelathini na mmoja nilikaa masijala ya ardhi, Tanga,
dirisha la tatu, lile lisilofungika vizuri mvua ikija.
Nilijifunza kuunusa uongo kabla sijausoma:
wino mbichi kwenye karatasi kuukuu,
kutu ya pini isiyolingana na tundu lake.
Na hati ya Mzee Semkiwa, shamba la Pongwe, ya mwaka hamsini na moja,
juu yake, kwa herufi safi: Tanzania.
Nchi iliyokuwa haijazaliwa hata kwa jina.
Nikagonga muhuri mwekundu. Imekataliwa.
Semkiwa akaikunja mara nne, akaaga kwa adabu.

Sasa nimestaafu. Naishi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
na kila Jumanne wanakuja wawili, mashati meupe, tai, jasho.
Kwenye beji kila mmoja kaandikwa Mzee.
Mzee Halvorsen, miaka ishirini, nywele rangi ya mkonge mkavu.
Mzee Odera wa Kisumu, mdogo zaidi.
Nawaita wajukuu; wanaitika.

Wamenisomea kitabu chao cha buluu.
Familia imeuhama mji mtakatifu miaka mia sita kabla ya Masihi,
imevuka bahari, na baba, akikaribia kufa,
anawasimulia wanawe malaika aliyeanguka,
adui wa watu wote.
Nikavua miwani.
"Ngoja. Huyu bwana amefika lini?"

Maana nami nimesoma, jioni, bila haraka.
Enzi zile hakuwa na ufalme.
Alikuwa cheo tu, mshitaki barazani kwa Mungu,
husimama, hudai ushahidi, hutumwa, hurudi.
Ipo habari ya mfalme aliyehesabu watu akaponzeka:
mwandishi wa kwanza kasema Mungu ndiye aliyemchochea;
wa pili, watu walipokwisha kurudi uhamishoni,
habari ile ile, kafuta jina, kaandika shetani.
Kazi hiyo naijua. Ni kuhamisha umiliki.
Moto, pembe, uasi wa mbinguni, vilijengwa baadaye, kimoja kimoja,
kama vyumba vya uani.

Hata bibi yangu Mwanakombo, kule Mtimbwani,
alikuwa na shetani wake. Wake, kama mtu asemavyo mkwe wangu.
Alitaka marashi, kitambaa chekundu, halua kidogo;
akipewa, kimya hadi mwezi mwingine.
Alikuwa na kabila na lugha yake, na dagaa hali.
Leo kipaza sauti cha mkutano kinasema shetani
na uwanja mzima unamwona mmoja, yule wa jehanamu.
Nikimwandika bibi akimkemea huyo
nimegonga Tanzania kwenye hamsini na moja.

Masikio ya Halvorsen yakaiva.
Odera akasema, polepole, "Lakini bibi, mtafsiri
huandika kwa maneno ya siku zake."

Hapo akanipata.
Niliwaletea maji kwanza.
Mwaka wa tisini, tukihamisha mafaili,
niliikuta nyuma ya kabati, pembe imeliwa na mchwa:
hati ya Semkiwa, ya asili. Tanganyika. Sahihi zote.
Ile niliyoikataa ilikuwa nakala;
karani fulani wa miaka ya sabini, mkono umezoea,
kaandika jina la nchi aliyoamkia asubuhi ile.
Semkiwa alikuwa keshazikwa. Si Pongwe.

"Basi nileteeni ya asili," nikawaambia, "hata kipande."
Wakatazamana.
"Malaika aliichukua," akasema Halvorsen,
naye hakucheka, wala mimi.

Wameondoka, kitabu wamekiacha juu ya kigoda cha bibi.
Hakijaondolewa.
Muhuri wangu bado ninao, kwenye kopo la kahawa, wino umekauka.
Nautemea mate, naujaribu kiganjani:
herufi tatu tu zinasomeka.
Ime.
Ime nini, hausemi.